Mbena, Kibena na Ubena: Mhadhara juu ya Shina Moja la Jina

Mhadhara huu unalichunguza shina moja la herufi nne, bena, ambalo katika Mkoa wa Njombe husikika kila siku likiwa limevishwa kiambishi hiki au kile: Mbena ni mtu, Wabena ni watu, Kibena ni lugha, na Ubena ni nchi. Mpangilio huo umezoeleka mno hata msemaji wa Kiswahili haoni kama kuna jambo la kuuliza, kwa kuwa Mhaya husema Kihaya na kwao ni Uhaya, Mnyamwezi husema Kinyamwezi na kwao ni Unyamwezi, na kwa kanuni hiyohiyo Mbena atasema Kibena na kwao patakuwa Ubena. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba viambishi hivyo huahidi ulinganifu ambao historia haikuutoa. Mtu, lugha na nchi havikuanza pamoja, havikukua kwa mwendo mmoja, na hadi leo mipaka ya kimoja haijawahi kukaa juu ya mipaka ya kingine, ingawa sarufi huvifunga vyote katika tita moja.

Njombe si mahali pekee ambapo jina la watu huzua mushkeli wa namna hii, na mfano wa mbali husaidia kuuona ule wa karibu. Katika Kiingereza neno Hawaiian hubeba peke yake mizigo ambayo Kiswahili kingeigawa: huwa mtu wa asili ya visiwa vya Hawaii, yaani Mhawaii, na papo hapo huwa lugha ya watu hao, yaani Kihawaii. Tena mgeni anayedhani kwamba kila mkazi wa jimbo hilo la Marekani aweza kuitwa kwa neno hilo, kama mkazi yeyote wa Texas anavyoitwa kwa jina la jimbo lake, husahihishwa upesi, kwa sababu huko jina limehifadhiwa kwa wazao wa watu waliokuwapo kabla ya meli za James Cook kufika mwaka 1778. Watu hao wenyewe hujiita Kānaka Maoli, na lugha yao huiita ʻŌlelo Hawaiʻi, jina ambalo badala ya kiambishi lina neno kamili lenye maana ya usemi. Malkia wao, Liliʻuokalani, alipinduliwa mwaka 1893, sheria ya 1896 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Mwaka 1921 serikali ya Marekani ilipotunga sheria ya kuwatengea wenyeji ardhi, ilimfasili mwenyeji kwa damu, kwamba awe na angalau nusu ya damu ya watu wa asili, na katika fasili hiyo lugha haikutajwa kabisa. Mambo yaligeuka karibu miongo sita baadaye, pale katiba ya jimbo ya 1978 ilipokifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mwaka 1983 ikaundwa asasi ya shule za awali zinazoitwa Pūnana Leo, maana yake kiota cha sauti, ambako watoto hulelewa kwa Kihawaii. Hivyo mtu aweza kuwa Mhawaii wa damu asiyejua Kihawaii, na mwingine akakisema Kihawaii barabara bila kuwa Mhawaii. Kiswahili, kwa kuwa kina viambishi, huonekana kuwa kimeukwepa mtego huo, lakini kwa kweli kimeuhamisha tu, kutoka kwenye neno zima hadi kwenye shina.

Yafaa kuanza na viambishi vyenyewe, maana navyo si vyepesi kama vinavyofundishwa. Kiambishi ki- kinapotangulia shina la jina la watu hutaja lugha, lakini pia hutaja namna ya kutenda, ndiyo maana mtu husema harusi ya kibena, nyumba ya kibena au kucheza kibena, na waandishi makini hutofautisha maana hizo kwa herufi kubwa na ndogo, jambo ambalo sikio haliwezi kulisikia. Katika mji wa Njombe Kibena ni mahali pia: kuna hospitali ijulikanayo kwa jina hilo, na mgonjwa anayesema kuwa amelazwa Kibena hazungumzii lugha hata kidogo. Kiambishi u- nacho hutaja nchi, na wakati uleule hutaja hali ya kuwa kitu, kama ilivyo katika utu na uzee, hivyo Ubena ni nchi ya Wabena na pia ni ile hali ya kuwa Mbena. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro hukuta jina Ubena katika Wilaya ya Chalinze, mamia ya kilomita kutoka Njombe, na asiye na habari aweza kudhani kwamba amekwisha kufika. Anayesoma vitabu vya Kongo naye hukutana na Bena Lulua na makundi mengine mengi yaanzayo na neno hilo, akashawishika kuwatafutia undugu na watu wa Njombe, ilhali katika Kiluba cha Kasai bena si jina la kabila lolote bali ni neno lenye maana ya watu wa mahali au wa ukoo fulani. Kufanana kwa tahajia ni ushahidi dhaifu kuliko ushahidi wote.

Umbo la jina katika lugha yenyewe ni tofauti na lile la Kiswahili. Wenye lugha hujiita Vabena, na lugha yao huiita Hibena, ingawa katika maandishi hukutwa pia Ikibena na Ekibena, kwa kadiri ya lahaja na ya mwandishi. Umbo la Hibena lina elimu ndani yake. Sauti ambayo katika Kiswahili na katika Kihehe ni k, katika Kibena imegeuka kuwa h mahali pengi, na mageuzi hayo yamevigusa viambishi viwili vinavyotumika kuliko vingine: kile cha ngeli ya vitu na lugha, ambacho kimekuwa hi-, na kile cha kitenzi kinachotajwa kama jina, ambacho kimekuwa hu-. Mhehe atasema kugona na Mbena atasema hugona, wote wawili wakimaanisha kulala. Jambo hili linafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu alama iliyo wazi kupita zote ya kuitambua lugha hii, yaani hiyo h, ndiyo iliyofutwa katika jina ambalo lugha imepewa rasmi. Kibena kinapoitwa Kibena kinaitwa kwa kinywa cha jirani. Hakuna kosa katika hilo, kwani kila lugha huwaita wengine kwa sarufi yake, lakini msomi anayetafuta maana ya jina hana budi kujua kwamba analolishika mkononi ni tafsiri.

Kuhusu maana ya shina lenyewe, maelezo yanayosimuliwa mara nyingi zaidi hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kuvunja, hasa kuvunja masuke ya ulezi wakati wa mavuno. Ulezi ulikuwa nafaka kuu ya nyanda za Njombe kabla ya mahindi kuenea, ukaliwa kwa ugali na kunywewa kwa pombe, na uvunaji wake ni kazi ya mkono: mvunaji huingia shambani na kikapu, hulishika suke moja moja, hulikata kwa kisu kidogo au kulivunja shingoni, na bua huachwa limesimama. Kwa maelezo hayo Wabena ni wavunaji wa ulezi, na jina lao ni jina la kazi, kama vile wavuvi na wafinyanzi. Simulizi hilo linavutia na halina upungufu wa kisarufi, ila lina upungufu wa aina nyingine, nao ni kwamba ulezi ulivunwa vivyo hivyo na Wahehe, na Wapangwa, na majirani wengine wengi, ambao hawakuitwa Wabena. Kama jina lilitokana na kazi hiyo, basi yaelekea lilitolewa na watu waliokuwa wakiitazama kutoka nje, labda kwa kuwapambanua wakulima hao na wafugaji au wapiganaji, na hapo swali huwa si neno lina maana gani bali ni nani aliyekuwa akilitamka. Ndivyo ilivyo pia kwa Wahehe, ambao jina lao huelezwa kuwa limetokana na ukelele wa vita, hee hee, uliosikiwa na maadui kabla haujawa jina la wenyewe. Mji wa Makambako nao wenyeji hulihusisha jina lake na madume ya ng'ombe, na Mswahili ambaye amewahi kusikia tembo dume mzee akiitwa kambaku hatashangaa, lakini huo ni mfano wa mahali, na majina ya mahali yana ukaidi wa kudumu ambao majina ya watu hayana.

Kabla ya miaka ya 1870 ni vigumu kuonyesha kwamba watu wote waitwao leo Wabena walijiona kuwa kundi moja. Majina yaliyokuwa na uzito yalikuwa madogo zaidi, ya nchi na ya koo, na mengi yamesalia hadi sasa kama majina ya lahaja: Sovi, Mavemba, Maswamu, Masakati, Lupembe, Ngaveta, Twangabita. Neno la ndani la kutaja uhusiano lilikuwa na bado ni lukolo, yaani ukoo, na atokaye katika lukolo mmoja na msemaji ni mnyalukolo, ndugu. Neno hilo limevuka mipaka ya Ubena na kutumiwa Iringa yote, kiasi kwamba kijana wa Njombe aliyeko Dar es Salaam akiitwa mnyalukolo na Mhehe hageuki kusahihisha. Watawala wenye jina la heshima la mtwa walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake, nao walipigana wao kwa wao kama walivyopigana na wageni.

Vita vya karne ya 19 ndivyo vilivyoanza kulikaza jina. Kaskazini Wahehe waliunganishwa na Munyigumba, na baada yake na mwanawe Mkwawa. Magharibi walikuwapo Wasangu wa akina Merere. Kusini Wangoni waliofika kutoka kusini mwa Afrika walikuwa wakivamia kila mwaka. Na katikati ya moto huo wa pande tatu wakulima wa nyanda za Njombe walitajwa na maadui zao wote kwa jina moja. Sehemu ya watu hao, wakiongozwa na mtawala Mtengela, walisukumwa na Wahehe katika miaka ya 1870 wakateremka milima hadi bonde la mto Kilombero, nchi iliyojulikana pia kama Ulanga, wakaanzisha utawala mpya kati ya wavuvi na wakulima wa mpunga. Habari zao ziliandikwa katika kitabu kilichotoka London mwaka 1935, kazi ya A.T. Culwick na G.M. Culwick, ambamo Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa nchi hiyo, alichangia sura yake mwenyewe, na ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ubena wa Mito. Katika kitabu hicho yanaonekana mambo ambayo kiambishi hakiyaonyeshi. Waliotoka milimani walikuwa wachache, wenyeji wa bondeni walikuwa wengi, na wote kwa pamoja, mtawala na mtawaliwa, wakaja kuitwa Wabena kwa sababu mtawala wao alikuwa Mbena. Hapo jina halikufuata damu wala lugha, lilifuata kiti. Mvuvi wa Kilombero ambaye babu yake hakuwahi kuuona ukungu wa Njombe alikuwa Mbena kwa sababu tu ya mahali alipopeleka kodi na shauri lake, na Ubena ukawa nchi mbili, moja ya baridi na miti, nyingine ya joto na mitumbwi.

Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani viliudhihirisha utengano huo bila huruma. Mwaka 1905 Kiwanga, mtawala wa Kilombero wa wakati huo, alisimama upande wa Wajerumani, ilhali Mbeyela wa nyanda za juu alijiunga na wapiganaji, na mwezi wa Septemba mwaka huo misheni ya Yakobi, karibu na ulipo mji wa Njombe leo, ikashambuliwa. Vitabu huwaita watawala hao wawili Wabena bila kusita. Kama jina hilo lingekuwa wakati ule jina la taifa moja, basi lilikuwa taifa lililopigana dhidi yake lenyewe katika vita ambavyo kila mtu alijua anachopigania. Na ni maoni ya mhadhara huu kwamba ni haki zaidi kusema kuwa taifa hilo halikuwapo bado, bali lilikuwapo jina linalolisubiri.

Waliolipa jina mwili ni wamisionari na watawala wa kigeni, wakisaidiwa na wenyeji walioona faida yake. Misheni ya Berlin, iliyokuwa ya Kilutheri, iliingia Ubena katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikajenga Kidugala, Yakobi, Lupembe na Ilembula, na kama ilivyo desturi ya Walutheri ikataka kuhubiri kwa lugha ya watu. Lakini lugha ya watu haikuwa moja. Mwandishi hawezi kuandika kwa lahaja saba kwa mara moja, naye mchapishaji hapigi chapa vitabu saba, hivyo palikuwa na haja ya kuchagua umbo moja, na umbo lililochaguliwa likaja kuwa Kibena kwa maana ambayo haikuwapo kabla, yaani lugha yenye kitabu. Agano Jipya la Kibena lilikwisha kuchapwa katika robo ya kwanza ya karne ya 20. Mtoto wa Masakati aliyejifunza kusoma kwa kitabu hicho alijifunza pia kwamba namna walivyosema nyumbani kwao ilikuwa tawi, na kwamba shina lilikuwa mahali pengine.

Waingereza walikuja na daftari. Chini ya Gavana Donald Cameron sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ilijengwa juu ya imani kwamba kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina nchi, na kila nchi ina mtawala, na pale ambapo hali haikulingana na imani, ilinyooshwa mpaka ikalingana. Mwanahistoria John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka 1979, alieleza kwamba kazi hiyo haikuwa ya wakoloni pekee, kwani Waafrika nao waliyajenga makabila ili wawe na mahali pa kusimama mbele ya serikali. Katika Wilaya ya Njombe ya wakati huo, ambayo ilibeba pia Ukinga na Upangwa, kujiandikisha kuwa Mbena kulikuwa ni kujua baraza gani litasikiliza kesi ya shamba. Na mbali na nyumbani jina lilikuwa na kazi nyingine. Kuanzia miaka ya 1940 chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichojulikana kama SILABU kiliajiri watu wa Njombe kwa maelfu na kuwapeleka Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Huko, katika kambi ambamo watu wa kila pembe walipangwa mistari kwa makabila, kijana wa Sovi na kijana wa Lupembe walijikuta katika mstari mmoja, wakila chungu kimoja. Yamkini wengi walikuwa Wabena kwa mara ya kwanza katika kambi za mkonge, wakarudi nyumbani na jina hilo pamoja na mablanketi.

Mwanahistoria James Giblin, aliyeshirikiana na Blandina Kaduma Giblin kukusanya masimulizi ya wazee wa Njombe, katika kitabu kilichotoka 2005 ameonyesha jambo linalopaswa kuzuia wasomi wasilikuze kabila kupita kiasi. Katika maisha ya watu wa Njombe wa karne ya 20 kimbilio lao lilikuwa familia zaidi ya kabila. Ndugu ndio waliolipa ada ya shule, ndugu ndio waliomtunza mgonjwa, na ndugu ndio waliomficha mtu alipotafutwa na mwajiri au askari. Kwa lugha ya wenyewe, lukolo uliwahi kuwapo kabla ya kabila na umebaki ukifanya kazi ambayo kabila halikuiweza.

Baada ya Uhuru jina liliondolewa taratibu katika daftari. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila la mtu, kwa hiyo idadi yoyote ya Wabena inayotajwa leo ni makadirio, si hesabu. Kinachohesabiwa ni wakazi. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwezi Machi 2012, ulikuwa na watu 702,097 katika sensa ya mwaka huo na 889,946 katika sensa ya 2022, na ndani ya idadi hizo wamo Wabena, Wakinga wa Makete, Wapangwa na Wakisi wa Ludewa, Wawanji, Wahehe, na wengine walioletwa na ajira za chai, miti na miwati tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa Njombe mwaka 1949. Kuzaliwa kwa mkoa kulileta umbo jipya la swali la Hawaii: aliyekuwa akiitwa mtu wa Iringa hadi 2012 sasa ni mtu wa Njombe, na walioko mbali hudhani kwamba mtu wa Njombe na Mbena ni kitu kimoja. Mkinga hupinga.

Hakuna mahali ambapo swali hilo huonekana kwa uwazi zaidi kuliko Makambako, mji ulioota kwenye njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Katika sensa ya 2012 mji huo ulikuwa na watu 93,827. Kwa mipaka ya kale ni Ubena, karibu na ukingo unaopakana na Wahehe na Wasangu, lakini biashara yake kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa Wakinga, na vibandani husikika pia Kinyakyusa na Kichaga. Asubuhi sokoni mama muuza viazi huketi nyuma ya magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa hadi kuota nundu juu ya mdomo wa gunia, na mzee akipita humwamkia Kamwene, salamu ambayo Wabena na Wahehe huitumia sawasawa, na kwa dakika mbili au tatu hujuliana hali za nyumbani kwa Kibena. Mzee akiuliza bei, lugha hubadilika: gunia, debe, punguzo na chenji vyote husemwa kwa Kiswahili. Mjukuu aliyekaa pembeni na simu ya nyanya yake huelewa salamu, huelewa maswali juu ya wagonjwa, huelewa hata matusi, lakini akiulizwa kwa Kibena hujibu kwa Kiswahili. Mtoto huyo ni Mbena kwa baba, kwa ukoo na kwa makaburi ya babu zake. Kibena kwake ni lugha ya kusikia. Ubena wake, kwa maana ya nchi, ni mji ambao hausemi Kibena isipokuwa katika salamu, misiba na mashauri ya mahari.

Wataalamu wa lugha, ambao wangetarajiwa kumaliza ubishi huu, wameuongezea sura. Malcolm Guthrie aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba alikiweka Kibena katika kundi la G.60 na kukipa namba 63, katikati ya Kisangu, Kihehe, Kipangwa, Kikinga, Kiwanji na Kikisi, na namba hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kuna ukuta kati ya 62 na 63. Ukuta huo haupo. Mtu akitembea kijiji hadi kijiji kutoka upande wa Iringa kwenda Njombe, usemi hubadilika kidogokidogo, k huanza kulegea, msamiati huhama neno baada ya neno, na hakuna kijiji ambacho mama na jirani yake wa ng'ambo ya mto hawaelewani. Wabena na Wahehe huelewana kwa kiasi ambacho, kama historia ya vita na ya misheni ingekwenda vingine, lugha hizo zingeweza kuandikwa kama lahaja za lugha moja, na pengine baadhi ya lahaja za Kibena zingehesabiwa kuwa lugha kamili. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodhesha lugha zaidi ya 150 nchini, na kila moja imechorewa eneo lake kwenye ramani, jambo la lazima kwa mchora ramani, ila msomaji asilichukulie kama mpaka wa mashamba.

Kazi ya kina zaidi juu ya sarufi ya Kibena ni tasnifu ya Michelle Morrison iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Marekani, mwaka 2011. Ni jambo la kufikirisha kwamba mwalimu wa Makambako anayetaka kujua mpangilio wa vitenzi vya lugha ya nyanya yake hulazimika kuusoma kwa Kiingereza, kutoka Texas. Hata hivyo kazi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu inaonyesha utajiri ambao Kiswahili hakina: pale ambapo Kiswahili husema alikuja bila kujali kama ni leo asubuhi au zama za Mjerumani, Kibena hulazimisha msemaji kuchagua kati ya maumbo ya wakati uliopita kwa kadiri ya ukaribu wake na sasa. Kijana anayefikiri kwa Kiswahili na kutia maneno ya Kibena hupoteza kwanza tofauti hizo, muda mrefu kabla hajapoteza maneno. Ndiyo sababu kipimo cha kuuliza mtu kama anajua Kibena, kisha kuridhika na ndiyo yake, si kipimo.

Serikali kwa upande wake imekuwa na kauli mbili. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili na ikahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi, lakini shule hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na vituo vya redio vinatakiwa kutangaza kwa lugha hizo mbili. Zilizobaki ni juhudi za makanisa na za watafsiri wa Biblia, ambao kutoka Mbeya wamekuwa wakifanya kazi ya kuziandikia upya lugha za nyanda za juu, Kibena kikiwamo. Nao wamekutana na swali lilelile lililowakuta Wajerumani: Kibena cha nani? Hawaii ililikwepa swali hilo kwa kuwa na visiwa vichache na herufi zilizokubaliwa tangu miaka ya 1820. Njombe haina bahati hiyo, wala haina sababu ya kuiiga.

Kwa hiyo swali la nani ni Mbena lina majibu matatu yasiyolingana, na kila jibu lina mahakama yake. Msibani, Mbena ni yule ambaye wazee wanajua pa kumzika. Katika maandishi ya wasomi, Mbena ni msemaji wa G.63. Barabarani, Mbena ni yeyote aliyeshuka basi lililotoka Njombe. Mtoto wa baba Mkinga na mama Mbena aliyelelewa Makambako kwa bibi mzaa mama, akakijua Kibena kuliko binamu zake wenye jina la Kibena, atahesabiwa Mkinga kwa sababu ukoo hufuata baba, na hilo halipingwi na mtu yeyote, hata bibi aliyemfundisha. Viambishi vingetaka aitwe kwa jina moja. Jamii imeamua vingine, na jamii ndiyo yenye haki.

Pengo lililo wazi ni la maneno ya lahaja, na hilo haliwezi kuzibwa kutoka Dar es Salaam wala kutoka Texas. Walimu, wachungaji na wauguzi wa Njombe, Makambako, Wanging'ombe na Lupembe wenye wazee wasemao Kisovi, Kimavemba au Kimasakati waombwe kuchukua daftari la kawaida na kuyaandika maneno ya shambani, ya jikoni na ya ugonjwa kama yanavyotamkwa, wakitaja kijiji, mwaka wa kuzaliwa wa msemaji na tarehe ya kuandika, na wasiisahihishe h iwe k.